Kiti cha Mbele

Watu wengi wakitaka kununua gari la mtumba huanza na injini. Wengine huanza na rangi, na hao ndio wanaowalisha madalali. Mama Sponji alianza na utepe wa kupimia. Alikuwa akiingia kwenye yadi ya magari, anatoa salamu, anainama penye mlango wa mbele wa kushoto, anapima kutoka chini mpaka juu ya kiti, anaandika kwenye daftari, anahamia gari la pili. Bei haulizi, mwaka haulizi, boneti haligusi. Muuzaji mmoja alivumilia mpaka gari la sita, kisha akamwuliza kwa adabu kama mama amekuja kununua gari au kulishonea suruali.

Hakukosea sana. Mama Sponji alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na jina lake alipewa na ile sponji ya njano inayojaza viti, ambayo vumbi lake lilikuwa halimtoki nyweleni hata siku ya sikukuu. Kibanda chake cha kazi kiliegemea ukuta wa gereji ya shemeji yake, na hapo alikuwa ameketi nyuma ya cherehani miaka ishirini na miwili, akivua viti nguo na kuvivika nyingine. Kwake yeye gari ni viti. Hayo mengine ni bati la kuzuia visilowe mvua. Leseni ya udereva alikuwa nayo siku nyingi, kwa kuwa kazi ilimlazimu kuyasogeza magari ya wateja uani, mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu anayefundishwa kucheza muziki. Gari lake mwenyewe hakuwahi kulitamani. Alipoanza kulitafuta, hakulitafuta kwa ajili yake.

Mumewe watu wote walimwita Mwalimu, na Mama Sponji pia alimwita hivyo. Yeye mume alimwita Fundi. Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Aliijua mito ya dunia nzima kwa majina, na hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Alikwenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu, akastaafu nayo ile ile. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga upande wote wa kulia. Mkono ukalala, mguu ukawa mzito. Ulimi ulimrudia mapema, na Mama Sponji alimtania kwamba hilo ndilo pekee ambalo hakuwa na wasiwasi nalo.

Hospitalini walipewa binti wa mazoezi ya viungo, mpole wa sauti lakini asiyedanganyika. Alimtaka Mwalimu mara mbili kwa wiki bila kukosa. Akasema miezi ya mwanzo ndiyo ambayo mkono na mguu hukubali kufundishwa upya. Ikipita, viungo hujikunja na kuganda vilivyo. Udongo uwahi ungali maji, alisema, na Mwalimu akacheka kusikia mtoto mdogo namna ile akitumia methali kwa usahihi.

Walikwenda mara tatu. Mara ya tatu ndiyo iliyoharibu. Dereva wa teksi alikuwa kijana mwenye malezi mema. Aliposimamisha gari tu alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa mbele. Mzee atakaa mbele, alisema, ndipo penye nafasi. Mwalimu akajaribu. Mguu ukakataa, akabaki ananing'inia mlangoni nusu ndani nusu nje, mpaka dereva akaita wapita njia wawili. Mmoja akashika kwapa, mmoja miguu, wakampakia. Kule hospitalini wakampakua vivyo hivyo, shati likapanda mpaka kifuani, tumbo nje mbele ya benchi zima la wagonjwa. Kwenye benchi hilo alikuwepo mtu mzima mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Akainuka kwa heshima zote akamwamkia. Mwalimu akaamkiwa akiwa juu juu, mikononi mwa watu, kama gunia linaloingizwa ghalani.

Waliporudi nyumbani hakula. Alikaa, akapumua, akasema, "Fundi, sibebwi tena. Nitatoka hapa kwa miguu yangu, au nitatolewa siku ile ambayo kila mtu hubebwa."

Mama Sponji alidhani ni hasira ya siku moja. Ikawa wiki, zikawa wiki tano. Alimbembeleza, akamnunia, akamleta ndugu yake amseme. Mwalimu aliwasikiliza wote kwa utulivu na hakutoka. Na vidole vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja. Kila asubuhi Mama Sponji alivinyoosha kimoja kimoja kwa mafuta ya kupaka, na kila asubuhi vilikuwa vigumu zaidi ya jana, na Mwalimu aligeuza uso akatazama ukuta. Mama Sponji alikuwa akihesabu wiki kama mtu anayetazama uji ukishika chini ya sufuria huku mlango wa jikoni umefungwa.

Ndipo siku moja, akiwa kibandani amepachika sindano mdomoni, akajiambia kwamba yote haya ni shida ya kiti. Mume wake hakatai hospitali. Anakataa kubebwa, na anabebwa kwa sababu viti vya teksi viko chini mno, mtu anaviangukia badala ya kuvikalia. Likipatikana gari lenye kiti cha kimo chake, ataingia mwenyewe kama muungwana. Na shida ya kiti, kama si ya fundi viti, ni ya nani?

Alimweleza shemeji yake, mdogo wake Mwalimu, mwenye ile gereji. Huyu aliitwa Grisi, maana hata siku ya harusi yake alikuwa nayo kwenye kucha. Grisi alifurahi, kisha akaanza kutoa somo. Gari ukaliangalie asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukilikuta limeshapashwa moto, ujue kuna ugonjwa unafichwa. Moshi wa bluu, linakula oili, kimbia. Tazama bolti za milango, zikiwa na alama za spana basi mlango umewahi kuvuliwa, uliza kulitokea nini. Kilomita usiziamini, kuna vijana wanazirudisha nyuma huku wanakunywa soda. Mama Sponji aliandika yote kwenye daftari. Lakini juu kabisa ya ukurasa alikuwa ameandika neno moja, KIMO, na mbele yake ameacha nafasi.

Ili aijaze nafasi hiyo alifanya ujanja. Kibandani palikuwa na kiti cha mbele cha gari ambacho mwenyewe alihama mji bila kurudi kukichukua. Akakiosha, akakileta nyumbani, akakiweka barazani juu ya mbao mbili, kando ya nguzo, akamwambia Mwalimu kwamba ni cha kuotea jua. Mwalimu akakaa. Kuinuka ikawa vita. Kesho yake Mama Sponji akaongeza ubao. Keshokutwa akaongeza mwingine. Mwalimu, ambaye alipata ugonjwa wa mkono na mguu na wala si wa akili, alimtazama siku ya nne akasema, "Fundi, naona jua limepanda tena ubao mmoja."

Lakini kiti hakukikataa. Hapo Mama Sponji akajua kwamba mume wake naye anataka. Siku ya tano Mwalimu alikaa taratibu, akapumzika, akashika nguzo kwa mkono wa kushoto, akasimama. Peke yake. Akakaa tena, akasimama tena, kama mtoto aliyegundua mchezo. Mama Sponji alipima: sentimita hamsini na mbili. Aliingia jikoni kama anayefuata chumvi, akafunga mlango, akacheza na mwiko mkononi mpaka akahema.

Kwa hiyo ndiyo maana alizunguka yadi zote za mji akipima. Wauzaji walimcheka, lakini hawakujua wanayemcheka. Baadhi ya viti walivyokuwa wakivisifia alivishona yeye. Hili tuliseme wazi: madalali walikuwa wateja wake wazuri. Humletea gari lililochoka, naye hulivika nguo mpya, na gari linarudi yadini likiwa bibi harusi. Hakuwahi kulifikiria sana jambo hilo mpaka alipokuwa mnunuzi yeye mwenyewe, na aibu ikampata, ingawa ilikuja imechelewa. Sasa aliingiza kidole chini ya mshono, akabonyeza ndani. Akikuta sponji imekufa chini ya kitambaa kipya, alifunga daftari na kuaga. Kilomita hurudishwa nyuma, alimwambia Grisi, sponji hairudishwi.

Kwenye yadi ya saba alilipata. Gari la juu, la rangi ya kijivu, viti vya kitambaa chake cha asili. Kiti cha dereva kimechakaa pale panapostahili kuchakaa, ukingo wa kulia, mtu anapopandia. Kiti cha abiria mbele kilikuwa kama kipya: mwenyewe alikuwa akisafiri peke yake. Kimo, hamsini na mbili na nusu. Mama Sponji alikaa juu ya kiti hicho cha abiria, akafunga macho kidogo. Tangu aanze kutafuta, kulikuwa na picha aliyoibeba na hakumwambia mtu: yeye ameshika usukani, Mwalimu yuko pembeni yake, anamwonyesha vilima na kumwambia vilitokana na nini. Walikuwa wameoana miaka mingi, na mambo waliyofanya bega kwa bega yalikuwa machache. Mmoja alikuwa darasani, mwingine nyuma ya cherehani. Aliitaka picha ile kuliko alivyolitaka gari.

Grisi akaja asubuhi injini ikiwa baridi, akanusa, akasikiliza, akalala chini, akatoka bila kulalamika. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa. Dalali, aliyekuwa akimfahamu Mama Sponji kwa kazi zake, akakubali kulileta gari nyumbani Jumamosi ili mzee alijaribu kabla hawajazungumza mengine.

Jumamosi Mwalimu alivaa suruali ya kazini na viatu vya kamba. Hakuna aliyemwambia avae hivyo. Majirani nao, ambao gari likisimama mlangoni mwa mtu hupata ghafla kazi ya kufagia nje, walikuwa wamejaa. Dalali alikuja amepiga pasi. Akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akarudi hatua moja nyuma. "Mzee, karibu mbele."

Mwalimu alitembea na fimbo yake mpaka pale. Akageuka, akakipa kiti mgongo, akakaa. Kimo kilikuwa sawasawa, hakuanguka, na Mama Sponji karibu apige vigelegele. Kilichobaki ni kuingiza miguu. Hapo mambo yakakwama. Mguu uliotakiwa kutangulia ndani ulikuwa ule wa kulia, mzito, nao haukusogea. Mwalimu akainama auvute kwa mkono mzima. Akakosa cha kujishikiza, akayumba. Mkono wa kushoto ukapapasa kando, ukakuta mlango wa nyuma uliofungwa, bati limepigwa polishi, halishikiki. Akaanza kuteleza. Dalali na Grisi wakaruka kwa pamoja, wakamdaka makwapani, miguu ikiburuta. Mifagio ya majirani ikasimama.

Alipowekwa sawa hakumtazama mtu. Alirudi ndani na fimbo yake, na mlango wa chumbani ukafungwa taratibu, bila kubamizwa, jambo ambalo lilimwumiza Mama Sponji zaidi. Dalali, kwa uungwana wake, akanong'ona kwamba anaweza kutafuta gari lingine la juu zaidi. Mama Sponji akamwambia ahsante, aondoke nalo.

Siku mbili Mwalimu hakusema zaidi ya ndiyo na hapana. Asubuhi hakuutoa mkono unyooshwe, aliufunika shuka. Mama Sponji alikwenda kazini akakosea mishono, akafumua, akakosea tena. Alijitukana matusi ya gereji ambayo hayafai kuandikwa. Ni yeye aliyempeleka mume wake mbele ya majirani. Ni yeye aliyempa matumaini akayapima kwa sentimita. Kama angemwacha na kiti chake cha kuotea jua, walau asingeshikwa makwapa mara ya pili. Alifikiri kwamba sasa hatatoka tena, na kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango huo.

Siku ya tatu alirudi alasiri akamkuta barazani juu ya kile kiti. Mwalimu alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama waliochelewa kipindi, akamwuliza kama ana chaki. Chaki haikosekani kwenye aproni ya fundi. Akampa. Mwalimu akainama, na kwa mkono wa kushoto, usiojua kuandika, akachora sakafuni sanduku refu lililopinda, lenye milango minne.

"Hili ni gari," akasema. "Linaelekea kaskazini. Simama hapa, penye mlango wa mbele, magharibi. Wewe ni mimi. Mkono wa kulia umekufa, na mguu wa kulia umekufa. Kaa."

Mama Sponji akachutama kando ya mchoro, amelipa sanduku mgongo, mkono wa kulia ameuacha ukining'inia. Akaulizwa mlango ulio wazi uko upande gani wake. Akatazama. Mlango hufungukia mbele, na mbele ilikuwa upande wake wa kulia. Akasema uko upande wa mkono uliokufa. Na wa kushoto unashika nini? Hakuna kitu. Na ukitaka kugeuka uingie, mguu upi unatangulia? Mama Sponji akajaribu, akakaribia kuanguka kweli, akasema mguu mbovu.

"Sasa zunguka uje mashariki."

Akazunguka, akakaa upande wa pili wa sanduku. Huko mlango ulikuwa kushoto kwake, mkono mzima ukaufikia. Mguu mzima ndio ulioingia kwanza, na ule mbovu ungeweza kuvutwa baadaye, kwa raha, mtu akiwa ameshajishikiza. Akainua macho akaitazama nguzo ya baraza. Siku zote tano ilikuwa upande wa kushoto wa kiti. Alipima kimo, upana na ulaini wa sponji, na wala hakufikiria kwamba kiti kikiwa ndani ya gari huwa na upande. Kosa hilo asingelifanya dereva, wala muuzaji, wala Grisi. Lilikuwa kosa la mtu aliyekaa miaka ishirini na miwili na viti vilivyong'olewa.

"Lakini upande huo kuna usukani," akasema.

"Na nyuma ya usukani kuna nini?"

Kuna kiti cha nyuma, cha abiria, kipo kwenye kila gari na kila teksi ya mji ule, nacho hakuna aliyewahi kumwonyesha. Nani atampeleka mtu mzima nyuma, tena mgonjwa, na mbele kuko wazi? Mwalimu akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa uso, mpaka akakohoa. "Kila aliyeniheshimu," akasema, "amenifungulia mlango usionifaa."

Mama Sponji alicheka naye, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alibaki amekaa sakafuni, chaki imemjaa sketi. Akasema polepole kwamba yeye alitaka wakae pamoja mbele. Alisema kama anayeungama kosa, na Mwalimu hakumdhihaki.

"Fundi, mgongo wako nimeutazama miaka ishirini na miwili ukishona. Sijauchoka."

Wakati huo Grisi alipita kuuliza hali, akiwa na gari la mteja alilotoka kulijaribu breki. Lilikuwa gari dogo la chini, la kawaida kabisa, mfano wa teksi zote. Mama Sponji alilijua: viti vyake alivishona mwaka juzi, na bila kupima alijua kiti cha nyuma hakifiki hamsini. Akafungua mdomo aseme hili ni fupi, tusubiri tupate la kimo. Mwalimu alikuwa ameshasimama. Akateremka kidato cha baraza, akazunguka gari mpaka mlango wa nyuma wa upande wa dereva, akaufungua kwa mkono wa kushoto. Grisi akakimbia kumsaidia.

"Rudi kule kwa shemeji yako," Mwalimu akasema. "Kisha mgeuke, nyote wawili."

Wakageuka. Mama Sponji alisimama ameukabili ukuta wa nyumba yake, pua karibu na rangi iliyobanduka. Alisikia fimbo ikiegemezwa kwenye bati. Alisikia pumzi ndefu. Kisha kikaja kimya kirefu, akajua sasa anajishusha, na kiti kiko chini, chini kuliko ilivyompasa. Sponji ikatoa ule mlio wake wa kuzomea, mrefu, wa taratibu. Mtu akianguka juu ya kiti, sponji hupumua mara moja, puu. Hii ilipumua kidogo kidogo mpaka ikaisha. Kiatu kimoja kikagonga kizingiti, kikaingia. Cha pili hakikusikika. Grisi akataka kugeuka. Mama Sponji akamkamata mkono wa shati akamzuia. Kitambaa cha suruali kikavutwa. Kikavutwa tena. Mtu akaguna, akatukana kwa sauti ya chini neno ambalo mwalimu hafai kulijua.

Mlango wa gari ukafungwa.

Walisimama hivyo hivyo, hawajaruhusiwa. Mwishowe dirisha likateremshwa.

"Fundi. Kule kwa binti wa mazoezi wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi," Mama Sponji aliujibu ukuta. "Lakini Mwalimu, gari bado hatujanunua."

"Nimeuliza saa. Sijauliza gari."

Basi akageuka bila kungoja ruhusa. Akamwambia kwamba foleni huanza saa moja, kwamba atampigia mwenye teksi sasa hivi, kwamba shati lake la bluu limepigwa pasi, na huku akiyasema hayo alikuwa akilia waziwazi, majirani wakimwona.